Gari moja, barabarani na treki: mwongozo kamili wa kuchagua breki mpya

Hii mada ya breki watu wengi wanaianza kichwa chini miguu juu. Mtu ana gari lake la kwendea kazini, anataka kulipeleka treki, yaani uwanja wa mbio za magari, mara tatu nne kwa mwaka, kitu cha kwanza anachowaza ni kalipa kubwa nyekundu zenye pistoni sita (kalipa ndo kishikio kinachozibana pedi, vile vipande vya msuguano, kwenye diski inayozunguka na gurudumu), afu humo ndani fluidi, yaani mafuta ya breki, ni ileile ya miaka minne iliyopita. Mimi nilianza hivohivo, sio kwa kalipa ila kwa diski za matobo, nilizinunua kwa sababu zilikuwa zinapendeza nyuma ya rimu, sina sababu nyingine. Mzunguko wa tano, mwisho wa sehemu ndefu iliyonyooka, nakanyaga breki, pedali inazama taratibu mpaka inagusa zulia na gari linaenda tu. Nikapampu mara tatu mguu unatetemeka ndo ikashika kidogo, nikaishia kwenye kokoto. Diski zangu za matobo zilikuwa nzima kabisa, zinang'aa. Kilichochemka ni fluidi, kitu cha chupa moja tu.

Kwa hiyo mwongozo huu nimeupanga kwa kufuata kinachofeli kwanza, sio kinachoonekana kwanza.

Hatua ya 1: pima mzigo wa breki zako

Breki kazi yake ni kugeuza mwendo kuwa joto, basi. Na joto hilo halipandi sawa na spidi, linapanda kwa mraba wa spidi, hapo ndo watu wanapopigwa. Chukua gari la kilo 1400. Likisimama kutoka kilometa 100 kwa saa mpaka sifuri linazalisha kama kilojuli 540. Gari hilohilo likitoka 200 likashuka mpaka 80 tu ili liingie kona, yaani hata halijasimama, linazalisha kama kilojuli 1800, zaidi ya mara tatu. Afu barabarani ukishapiga breki ya nguvu unaweza kukaa nusu saa hujapiga nyingine, ila treki unapiga kila kona, dakika kumi na tano ishirini mfululizo, diski haipati nafasi ya kupoa. Na mzigo mkubwa uko mbele, kwenye magari mengi mbele kunafanya karibu asilimia 60 mpaka 75 ya kazi yote.

Kabla hujanunua chochote andika vitu vinne: uzito wa gari, spidi unayofika mwisho wa sehemu ndefu kuliko zote, aina ya tairi, na urefu wa sesheni, yaani muda unaozunguka treki mfululizo. Gari jepesi kama Mazda MX-5 linaweza kumaliza siku nzima na kalipa za kiwandani likiwekewa pedi nzuri na fluidi nzuri tu. Gari la kilo 1700 lenye tabo na nguvu nyingi ni habari nyingine kabisa.

Tairi nazo usizisahau. Umbali wa kusimama mara moja unaamuliwa na tairi, sio ukubwa wa kalipa, mradi breki zako zina nguvu ya kufikisha ABS (mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge) ianze kufanya kazi. Ukiweka tairi zinazoshika zaidi utapiga breki kwa nguvu zaidi na kwa kuchelewa zaidi, na joto linaongezeka. Nimeona mtu kabadilisha tairi tu, breki ambazo zilikuwa hazina shida mwaka mzima zikaanza kulalamika siku hiyohiyo.

Hatua ya 2: sikiliza pedali inasema nini

Ukishaenda treki hata mara moja, pedali itakuambia kinachotakiwa kubadilishwa, kwa hiyo usinunue kabla hujaielewa.

Pedali ikiwa laini kama sponji na inazama, fluidi imechemka. Kimiminika hakibanwi lakini mvuke unabanwa, kwa hiyo mguu wako unabana mapovu badala ya kusukuma pistoni. Pedali ikiwa ngumu vizuri tu lakini gari halisimami hata ukisimama juu yake, hizo ni pedi, zimepita joto lake. Hizi mbili watu wanazichanganya kila siku, afu mtu anabadilisha pedi wakati shida ni fluidi, au kinyume chake.

Kuna ya tatu: pedali inakuwa ndefu mara moja tu baada ya kupanda kingo za kona, ukiigusa tena inarudi sawa. Hapo diski imeyumba ikazisukuma pistoni nyuma. Angalia beringi za gurudumu kabla hujalaumu breki.

Na kutetemeka kwa pedali au usukani, kila mtu atakuambia diski imepinda. Mara nyingi haijapinda, ni masalia ya pedi yameganda kwenye diski bila usawa, sehemu nene sehemu nyembamba, hasa ukisimama umekanyaga breki wakati diski bado ina moto. Diski mpya nayo itatetemeka ikifungwa juu ya habu (kitovu cha gurudumu) yenye kutu, maana inakaa upande, na hata upande wa sehemu ndogo ya milimita unatosha kuleta kero.

Hatua ya 3: fluidi, anza hapa

Ukiwa na hela ya kitu kimoja tu, weka hapa. Fluidi ya kawaida inanyonya unyevu wa hewani, na kadiri inavyonyonya maji ndivyo kiwango chake cha kuchemka kinashuka. Viwango vya chini vya kuchemka vinavyotakiwa kwa kila daraja la fluidi, kwa nyuzi za Selsiasi, ni hivi: DOT 3 ni nyuzi 205 ikiwa mpya na 140 ikishanyonya maji, DOT 4 ni 230 na 155, DOT 5.1 ni 260 na 180. Angalia hiyo namba ya pili kwa makini, 155, ndo DOT 4 yako iliyokaa miaka kadhaa, na kalipa ya treki inafika hapo bila hata kujitahidi.

Fluidi za mashindano kama Motul RBF 600 au Castrol SRF zinavuka nyuzi 300 zikiwa mpya. Kwa gari la pande zote mbili mimi naangalia zaidi namba ya fluidi iliyokwisha kunyonya maji, maana sitaibadilisha kila wiki. Nyingine zina namba kubwa ya kwanza kwenye chupa lakini ya pili ni ya kawaida tu, hizo zinamfaa mtu anayebadilisha kila mashindano.

DOT 5 ni silikoni, haichanganyiki na hizi nyingine, na sio ndugu wa DOT 5.1 hata kama majina yanafanana. Gari lenye ABS usiliwekee. Na chupa ikishafunguliwa ikakaa kabatini miezi sita sio mpya tena, usijidanganye. Ikidondoka kwenye rangi ya gari mwagia maji hapohapo, inakula rangi.

Hatua ya 4: pedi, hapa ndo penye kazi

Hakuna pedi inayofanya kila kitu. Anayekuambia ipo anakuuzia. Kila pedi ina dirisha lake la joto, chini ya hapo haishiki vizuri na juu ya hapo inakufa. Pedi ya kawaida ya barabarani inashika tangu asubuhi gari likiwa baridi, lakini ikifika nyuzi 350 mpaka 400 hivi inaanza kuchoka. Pedi ya mashindano inaweza kwenda 700 na zaidi, ila asubuhi mtoto akikatiza mbele ya gari mita mia kutoka nyumbani ndo utajua inahitaji joto kwanza. Hapo katikati ndo kuna pedi wanazoziita za barabara na treki, na kila kampuni inaziweka mahali pake, nyingine ni za barabarani zilizochangamka, nyingine ni za mashindano zilizopunguzwa makali.

Sasa unachaguaje? Mimi naanza na joto halisi. Kuna rangi maalumu za kupaka ukingoni mwa diski, zinabadilika zikifika joto fulani, seti ya kawaida ni tatu: ya kijani inageuka ikifika 430, ya machungwa 560, nyekundu 610. Unapaka, unaendesha sesheni nzima, unaangalia. Ikigeuka ya kijani tu pedi ya kati inatosha kabisa. Zikigeuka zote tatu, pedi ya kati utaimaliza siku moja na huenda ikakutelekeza katikati. Kwenye kalipa kuna stika za aina hiyo nazo, hizo zinakuambia kama fluidi iko hatarini. Ni vitu vidogo sana na vinamaliza ubishi wote.

Pia kuna herufi mbili zinazochapwa ukingoni au mgongoni mwa pedi nyingi, kama FF au GG. Ya kwanza ni msuguano ikiwa ya uvuguvugu, ya pili ikiwa ya moto. E ni 0.25 mpaka 0.35, F ni 0.35 mpaka 0.45, G ni 0.45 mpaka 0.55. Ukiona GE ujue ikipata moto inalegea. Zinasaidia kuchuja takataka, lakini kipimo chenyewe hakifiki joto la treki, kwa hiyo usichague pedi ya treki kwa herufi hizo peke yake. Tafuta mchoro wa msuguano na joto wa kampuni yenyewe, unataka mstari uliolala, sio uliopanda kama mlima. Mstari uliolala maana yake mguu wako unapata kitu kilekile mzunguko wa kwanza na wa kumi.

Ulaya kuna alama ya R90, inamaanisha pedi mbadala imepimwa na haitofautiani na ya orijino zaidi ya asilimia 15. Pedi nyingi za mashindano hazina. Kama uko kwenye nchi inayofuata sheria hiyo, au bima yako inauliza, liangalie kabla ya kununua.

Vitu vya kuvumilia: kelele na vumbi. Pedi zenye chuma nyingi zinapiga miluzi kila taa nyekundu, watu wanageuka wanadhani gari bovu. Na vumbi lake likipata maji linaganda kwenye rimu kama kutu, safisha jioni hiyohiyo. Kama gari ni la familia na mwenzako nalo analiendesha, hapo mimi nashauri seti mbili, za barabarani na za treki, unabadilisha asubuhi kabla ya kwenda au palepale. Kwa mtu aliyezoea ni nusu saa kwa mbele. Ila sikiliza, pedi inaacha tabaka jembamba la mwili wake kwenye diski na ndo hilo linaloshika, kwa hiyo ukibadilisha aina ya pedi juu ya diski ileile tabaka hazielewani, unapata mtetemo au breki zisizoeleweka. Bora pedi za kampuni moja na familia moja, au kila seti na diski zake.

La mwisho kwenye pedi na usilipuuze: usiweke pedi kali nyuma tu ukaacha mbele za kawaida. Nyuma zikifunga kwanza gari linageuka kichwa kabla hujasema chochote. Mbele kali kidogo kuliko nyuma inavumilika, kinyume chake hapana.

Hatua ya 5: diski

Hapa nitakuwa mfupi. Diski ni ghala la joto, unataka uzito wa chuma na njia ya hewa katikati. Diski tupu isiyo na matobo wala mifereji, ya kampuni inayoaminika, inatosha watu wengi. Yenye mifereji inasaidia kufagia uchafu na kuufanya uso wa pedi uwe mpya, inakula pedi kidogo zaidi, mimi ndo nazotumia. Ya matobo kwa treki niliachana nayo, nyufa zinaanzia kwenye tobo kwenda tobo, ukitazama kwa tochi utaona kama utando wa buibui.

Diski za vipande viwili zenye kofia (sehemu ya katikati) ya aluminiamu ni nyepesi na zinatanuka bila kujikunja, nzuri sana, ila ni hatua ya baadaye. Kaboni seramiki kwa siku za treki za mtu wa kawaida, sahau. Zinaishi miaka na miaka barabarani lakini joto la treki linazila, na bei ya kuzibadilisha utalia.

Kuna diski zenye mapezi ya ndani (vile vipande vinavyopitisha hewa kati ya nyuso mbili za diski) yaliyopinda, hizo zina upande wa kushoto na wa kulia. Mapezi yanatakiwa yalale kuelekea nyuma, kwamba ukiangalia juu ya diski, pezi likitoka katikati kwenda nje linaelekea nyuma ya gari. Usiangalie mifereji ya usoni, wengi wanafunga kwa kufuata mifereji na wanakosea. Na kwenye diski kuna maandishi MIN TH, yaani unene wa chini kabisa unaoruhusiwa, na namba ya milimita, kwa kawaida ukingoni au kwenye kofia, futa kutu uisome. Ikifika hapo ni chuma chakavu hata kama inapendeza.

Hatua ya 6: hosi, upepo wa kupoza, na mwisho kabisa kalipa

Hosi za mpira zikizeeka zinavimba ukikanyaga, zile zilizosukwa kwa waya wa stenlesi zinafanya pedali iwe na msimamo. Hazikupunguzii joto hata kidogo, ila mguu unapata habari kamili.

Kupoza ndo siri ambayo watu wanairuka. Bomba la hewa kutoka bampa la mbele mpaka katikati ya diski, sio usoni mwa diski, katikati, ili hewa ipite kwenye mapezi. Ukipulizia uso mmoja tu diski inapoa upande mmoja na inaweza kupasuka. Kabla hujafikiria kalipa mpya jaribu hili.

Kalipa kubwa sasa. Zinasaidia kama umeshaweka fluidi, pedi na upepo na rangi zote tatu bado zinageuka. Faida yake ni diski kubwa inayobeba joto zaidi, na pedi nene zinazodumu. Lakini uhakikishe eneo la pistoni zake linaendana na masta silinda yako (pampu inayosukumwa na pedali), pistoni zikiwa kubwa mno pedali inakuwa ndefu, na uwiano wa mbele na nyuma unavurugika, ABS nayo ilipangwa kwa breki za kiwandani. Nunua seti iliyotengenezwa kwa gari lako hasa, sio ya kubahatisha. Na pima nafasi ndani ya rimu, kampuni nzuri zina mchoro wa kukata karatasi ngumu ukaiweka ndani ya rimu. Jamaa mmoja alifunga kila kitu vizuri sana, kuja kuweka gurudumu halizunguki.

Hatua ya 7: kufunga

Gari likae kwenye stendi, sio jeki peke yake. Safisha habu kwa brashi ya waya mpaka chuma kionekane, futa mafuta ya kiwandani kwenye diski mpya, paka grisi ya breki isiyoyeyuka kwa joto kwenye pini za kalipa, sio grisi ya kawaida, itavimbisha mpira. Kalipa usiiache ining'inie kwa hosi, ifunge na waya. Ukirudisha pistoni angalia tangi la fluidi lisifurike. Nyuma, gari nyingi pistoni inazungushwa sio kusukumwa, na zenye hendibreki ya umeme lazima uziweke kwenye modi ya sevisi kwanza, ukilazimisha unaua mota.

Kutoa upepo, yaani hewa iliyonaswa ndani ya fluidi, kawaida unaanza gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda unamalizia la karibu, lakini magari mengine yana mpangilio wake, fuata kitabu cha gari lako. Tangi lisikauke hata mara moja. Hewa ikiingia kwenye ABS magari mengi yanahitaji kompyuta kuitoa. Ukimaliza, kabla gari halijatoka hata mita moja, pampu pedali mpaka iwe ngumu, maana baada ya kubadilisha pedi ile ya kwanza inazama mpaka chini.

Hatua ya 8: kukalisha pedi

Pedi mpya hazipelekwi treki moja kwa moja. Mara ya kwanza zikipata moto mkali gundi iliyomo inatoa gesi na gari linateleza juu ya gesi hiyo. Tafuta barabara tupu ambayo sheria inakuruhusu, au omba mizunguko ya mwanzo treki. Kama kampuni imetoa maelekezo fuata ya kampuni. Kama haijatoa, fanya hivi: breki kama nne za wastani kutoka 60 kushuka 20, afu nane mpaka kumi za nguvu kutoka 100 kushuka 15 bila kusimama kabisa, ukiongeza spidi katikati yake. Utasikia harufu, ni kawaida. Afu endesha kama dakika kumi bila kugusa breki, zipoe zenyewe. Diski ikiwa na rangi ya kijivu iliyosambaa sawa umefanikiwa, ikiwa na madoa rudia.

Siku yenyewe

Pedi za treki nazibadilisha zikibaki nusu, sio milimita 3 kama za barabarani, maana pedi ikiwa nyembamba joto lote linapita kwenda kwenye pistoni na fluidi. Sesheni ikiisha fanya mzunguko mzima wa taratibu, ukiegesha usivute hendibreki wala usikae umekanyaga pedali, weka gia na uzuie gurudumu kwa jiwe au kabari. Zikipoa chungulia diski: nyufa ndogondogo kama nywele usoni ni kawaida, ufa ukifika ukingoni au ukucha ukiuhisi, hiyo diski imemaliza kazi. Kaza nati za magurudumu kwa spana ya torki, zikiwa zimepoa. Kanyaga pedali ukilinganisha na asubuhi, ikiwa laini toa upepo kidogo kwenye kalipa za mbele kabla ya sesheni nyingine, beba chupa iliyofungwa kwa ajili hiyo.

Na kama unarudi nyumbani na pedi za treki, kumbuka zimeshapoa wakati wewe unafunga mizigo na kupiga stori. Ukitoka getini gusa breki mara mbili tatu mwenyewe, mbali na watu, kabla hujafika kwenye makutano ya kwanza.